Viambato "visivyofanya kazi" vina kazi gani?

Kosa nililifanya mimi mwenyewe, tena katika uwanja ambao kwa miaka mingi nimelipwa mshahara kwa madai kwamba ninaujua, nao ni uwanja wa maneno. Ndiyo maana naona si haki kulinyamazia.

Ilikuwa Desemba, muhula wa chuo umekwisha, nami nilikuwa nimetoka Homa Bay asubuhi, nikabadilisha matatu pale Rongo na kuelekea upande wa Awendo, katika Kaunti ya Migori, ambako ndiko nyumbani kwetu. Kabla sijamaliza kikombe cha kwanza cha chai, mke wa mdogo wangu, ambaye sote humwita Nyar Kanyada kwa jina la ukoo wao wa Homa Bay, aliniletea chupa ya plastiki. Alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kliniki walikuwa wamempa tembe za madini ya chuma na asidi foliki, ambazo kwa mujibu wa mwongozo wa afya nchini hupewa kila mjamzito, lakini jirani alikuwa amemshawishi anunue pia chupa hii kwa mchuuzi wa stendi ya Migori. Maandishi yake yalikuwa ya Kiingereza, tena madogo kama sisimizi.

"Mwalimu," akaniambia, "nisomee nijue ninameza nini."

Nikasoma. Kibandiko kiligawanya vitu vilivyomo katika orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa na vitu vinne, madini na vitamini. Ya pili ilikuwa na vitu tisa, na juu yake pameandikwa maneno mawili ambayo mimi, kwa njaa na uchovu wa safari, niliyafasiri neno kwa neno katika lugha yetu ya nyumbani: vitu visivyofanya kazi.

"Tisa havifanyi kazi, vinne ndivyo vinavyofanya?"

Nikamjibu kuwa ndivyo ilivyoandikwa. Akaichukua chupa yake, akaenda zake.

Mwishoni mwa Januari nilirudi kwa ajili ya matanga ya mzee mmoja, nikamkuta shemeji amepauka macho na anahema akipanda kijilima cha kutoka kisimani. Kliniki walikuwa wamempima damu wakapata himoglobini ya gramu 8.9 kwa desilita. Kwa kipimo cha Shirika la Afya Duniani, mjamzito mwenye kiasi hicho ana upungufu wa damu. Sababu ilikuwa nini? Alikuwa ameacha kumeza tembe zote, si zile za mchuuzi tu bali hata za kliniki. Kwa hesabu yake, nami siwezi kumlaumu, ikiwa chupa iliyonunuliwa kwa fedha ina vitu tisa vya bure kati ya kumi na vitatu, sembuse tembe zinazotolewa bure?

"Wewe ndiwe uliyenisomea, shemeji," akasema. "Nimeze chaki kwa nini?"

Wasomaji wa maeneo yetu hawahitaji kuambiwa uzito wa jambo hilo. Homa Bay na Migori zimo katika ukanda wa Ziwa Viktoria, ambako malaria haiondoki mwaka mzima, na malaria kazi yake moja ni kuziharibu chembe nyekundu za damu. Mjamzito wa kwetu hupungukiwa na damu kwa njia mbili: mtoto anahitaji madini ya chuma kutoka kwake, na vimelea navyo havimwachi. Kumwondolea tembe zake kwa sababu ya tafsiri mbovu si mzaha.

Basi hivyo vitu tisa ni nini, na vimo humo kwa nini?

Tuanze na hesabu, maana walimu wa hisabati nao husoma ukurasa huu. Kipimo cha asidi foliki anachopewa mjamzito kwa siku ni mikrogramu 400, yaani gramu moja igawanywe mara 2,500. Kijiko cha chai cha sukari kina takriban gramu 4. Kama kijiko hicho kingekuwa na gramu 4 za asidi foliki tupu, zingewatosha wajawazito 10,000 kwa siku moja. Na mama mmoja, kwa siku 280 za ujauzito wake, hahitaji hata gramu moja kamili, bali miligramu 112 tu. Sasa, mpe mtu mikrogramu 400 za unga huo kiganjani. Hataziona, na upepo ukivuma zimekwenda. Vitamini B12 ndiyo balaa zaidi, kwani mahitaji ya mtu mzima kwa siku ni mikrogramu 2.4 tu. Ni lazima kiasi hicho kichanganywe na kitu kingine, kikubwa zaidi, ili kipimike, kishikike, kimezeke. Kitu hicho ndicho kinachoitwa kijazo. Aghalabu huwa ni wanga wa mahindi, au sukari ya maziwa iitwayo laktosi, au selulosi.

Hapa naomba ruhusa nichepuke kidogo. Selulosi hiyo hutengenezwa kutokana na miti au pamba. Katika Dholuo, neno yath lina maana ya mti na pia maana ya dawa. Bibi zetu hawakuona haja ya maneno mawili. Laiti ningalikumbuka hilo Desemba, ningalimwambia shemeji kwamba ndani ya chupa yake mna yath aina zote mbili, ya kuponya na ya kubeba, na nadhani angalinielewa mara moja.

Kijazo pekee hakitoshi. Unga mkavu ukigandamizwa hupukutika, kwa hiyo huongezwa kishikizo, mathalani uji wa wanga, na mwanamke yeyote aliyewahi kukanda unga anajua sababu yake. Unga huo usinate kwenye chuma cha mashine, hutiwa kilainishi kidogo sana. Lile jina la kutisha, magnesiamu stearati, ndilo hili. Tembe iliyoshikana mno nayo haifai, maana itapita tumboni nzima kama kokoto, kwa hiyo huongezwa kitu kinachovimba kikikutana na maji ili kuipasua. Mwisho huja koti la nje, ambalo huficha ladha ya chuma inayowatia wajawazito kichefuchefu. Koti hilo lina hatari yake pia: tembe za chuma zenye rangi nzuri na utamu wa nje zimewahi kuwaua watoto wadogo waliozidhania peremende. Zikae mahali pa juu.

Yote hayo, eti, ni vitu visivyofanya kazi!

Sasa nije kwenye aibu yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi wangu habari za vitenzi vya silabi moja. Chukua kitenzi -la. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Tungesema "anala", mkazo ungeiangukia -na-, kiambishi cha wakati ambacho hakiwezi kuubeba. Basi lugha humleta mpagazi: anakula. Ile -ku- haitaji mtendaji, haitaji wakati, haitaji chochote. Imekuja kuubeba mkazo ili neno lisimame. Tukipachika kiambishi cha mtendwa, kama katika "simba anamla swara", -m- huubeba mkazo na -ku- hujiondokea bila kuagwa. Na katika "kula ni kuzuri", ku- hiyo hiyo ina kazi nyingine kabisa, ya kukifanya kitenzi kuwa jina. Kila mwaka wapo wanafunzi wanaoandika katika karatasi ya mtihani kwamba ku- ya "anakula" haina kazi, na kila mwaka mimi huwakata alama kwa kalamu nyekundu. Kisha nikaenda nyumbani, nikaletewa chupa, nikaandika jibu lilo hilo.

Kwani kinachotofautisha orodha zile mbili si kufanya kazi na kutofanya. Orodha ya kwanza ni ya vitu vilivyotiwa ili kuubadili mwili wa mmezaji. Ya pili ni ya vitu vilivyotiwa kwa ajili ya tembe yenyewe. Kitu kimoja chaweza kuhama. Kabonati ya kalsiamu ikiwa katika tembe ya kutuliza kiungulia ndiyo dawa. Katika tembe nyingine ni kijazo tu. Wazungu wenyewe hawakubaliani juu ya jina. Nchini Marekani, kibandiko cha dawa huviita vitu hivyo kwa neno lenye maana ya kutotenda, lakini virutubishi vya nyongeza, ambavyo sheria ya mwaka 1994 iliviweka katika kundi la vyakula, huviita "viambato vingine" tu. Mimi ningependekeza tuseme viambato saidizi. Neno kiambato, kwa wasioliona siku zote, ni ndugu wa damu wa kiambishi: yote mawili yametoka katika kitenzi ambaa na watoto wake, ambata na ambisha. Kwa hiyo si mimi niliyelazimisha mfano wangu wa -ku-. Lugha ilikuwa imekwisha kuuona.

La kutahadhari ni kwamba msomaji asije akakimbilia upande wa pili na kudhani kuwa kisichotenda hakidhuru. La hasha! Mwaka 1937 kampuni moja ya Marekani ilitaka kuuza dawa ya salfa katika hali ya maji badala ya tembe. Dawa yenyewe ilikuwa nzuri na ikijulikana. Ikayeyushwa katika kioevu kitamu kiitwacho dayethilini glaikoli, ambacho kiliingia kama kibebaji tu. Watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto, walikufa kwa kuharibika figo. Aliyeua ni mpagazi, si mzigo. Kisa hicho ndicho kilichosukuma kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1938 iliyowataka watengenezaji wa dawa kuthibitisha usalama kabla ya kuuza. Ungedhani ulimwengu ulijifunza. Mnamo Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo kuhusu dawa za maji za watoto zilizopatikana nchini Gambia, ambako zaidi ya watoto 60 walikuwa wamefariki. Sumu iliyokutwa ndani yake ilikuwa ile ile ya 1937, pamoja na ndugu yake ethilini glaikoli. Mwaka huo huo Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku rangi nyeupe ya titani dioksidi katika vyakula, ingawa katika dawa ingali inaruhusiwa. Orodha ya pili si ya kupuuzwa.

Pia kuna watu ambao kwao orodha ya pili ndiyo ya kusomwa kwanza. Mwenye kudhurika na maziwa atataka kujua habari za laktosi, ingawa kiasi kilichomo katika tembe moja kwa kawaida hakifiki gramu moja, ilhali bilauri ya maziwa ina kama gramu 12. Mwenye kisukari ataangalia sukari katika dawa za maji. Na kwetu kuna jambo kubwa kuliko hayo, nalo ni gelatini, ile ngozi laini ya kapsuli. Gelatini hupikwa kutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au ya nguruwe. Waadventista walifungua misheni yao Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na tangu Gendia hadi Kamagambo wako maelfu kwa maelfu ya watu ambao nguruwe hagusi chungu chao. Kendu Bay hiyo hiyo ina Waislamu wa siku nyingi. Kibandiko huandika "gelatini", kikanyamaza. Mnyama hatajwi. Zipo kapsuli zinazotengenezwa kutokana na mimea, na watengenezaji wengine huandika hivyo kwa fahari, lakini anayenunua kwenye stendi hachagui.

Kapsuli za vitamini A wapewazo watoto ni kisa tofauti, na afadhali nikiseme kabla mtu hajaogopa. Ile ya buluu, ya yuniti 100,000, ni ya mtoto wa miezi 6 hadi 11. Nyekundu, ya yuniti 200,000, ni ya mwaka mmoja hadi kabla ya kutimiza mitano, kila baada ya miezi sita. Mhudumu huikata ncha na kumkamulia mtoto mafuta yaliyomo, ganda halimezwi. Na mafuta hayo, ambayo kwa lugha ya kibandiko hayatendi, ndiyo yanayoibeba vitamini yenyewe, kwani vitamini A huyeyuka katika mafuta wala si katika maji.

Turudi kwa Nyar Kanyada. Nilipogundua nililolifanya, nilimfuata jikoni na kuanza kumhutubia juu ya wanga na selulosi. Alinisikiliza kwa adabu, kama wanafunzi wangu wa saa nane mchana. Aliyeniokoa ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, ambaye alichukua glasi mbili za maji ya uvuguvugu, akatumbukiza tembe ya kliniki katika moja na kipande cha chaki ya ubaoni katika nyingine. Nusu saa haijaisha, tembe ilikuwa imepasuka na kuwa tope; chaki imekaa pale pale, imelowa tu. (Vitabu vya viwango vya dawa vya Uingereza huitaka tembe isiyo na koti ipasuke katika dakika 15, na yenye koti jembamba katika dakika 30. Jaribio la jikoni si la maabara, wala halithibitishi kilichomo ndani ya tembe, lakini lilitosha kwa hoja ya chaki.)

Shemeji akaichungulia ile glasi, akacheka. Kisha akachomoa kipande cha odowa kutoka kwenye fundo la leso yake na kukitafuna.

Sikucheka naye. Mawe hayo laini ya udongo yanauzwa katika masoko yetu yote, na wajawazito wengi huyapenda kwa kuwa hutuliza kichefuchefu. Mama zetu waliyatafuna, nasi tukazaliwa. Lakini wataalamu wameonya kwamba udongo wa namna hiyo waweza kuyashika madini ya chuma tumboni yasisharabiwe mwilini. Na palikuwa na jambo la pili ambalo mimi sikuliona, bali muuguzi wa kliniki aliliona siku aliyomrudisha kwenye tembe. Alimuuliza huzimeza na nini. Shemeji akajibu: na chai ya asubuhi, bila shaka. Chai nzito huyazuia madini ya chuma. Kalsiamu nyingi ikimezwa pamoja nayo huyazuia vilevile. Muuguzi akamwambia ameze kwa maji, au kwa maji ya chungwa au limau, na chai ingoje saa moja au mbili. Tembe ile ina miligramu 60 za chuma. Wanga wake wa mahindi hauzuii chochote. Tulikuwa tumemtia hofu juu ya mpagazi asiye na hatia, huku anayeiba mzigo tukimwandalia sukari na maziwa.

Na ile chupa ya stendi? Hiyo nayo ina lawama, lakini si lawama niliyoitwika. Niliisoma upya, polepole, nikiwa nimeshiba. Vitu vinne vya orodha ya kwanza vilitajwa kwa majina, bali kiasi cha kila kimoja hakikutajwa. Hapakuwa na namba ya usajili wa Bodi ya Dawa na Sumu, wala alama ya Shirika la Viwango la Kenya, wala anwani ya mtengenezaji isipokuwa jina la nchi. Ahadi ndizo zilizojaa: damu, nguvu, mgongo, kumbukumbu za wanafunzi wakati wa mitihani. Kijazo halali ni kile kinachobeba kipimo kinachojulikana. Kipimo kisipotajwa, mnunuzi hana njia ya kujua kama wanga umebeba kitu au umekuja peke yake, na swali la shemeji kuhusu chaki, ambalo kwa tembe za kliniki halikuwa na msingi, kwa chupa hiyo lilikuwa swali la haki kabisa.

Alijifungua salama mwezi wa Aprili, mtoto wa kike. Tembe za kliniki alizimeza hadi mwisho. Chupa ya mchuuzi aliiacha juu ya kabati la mama, ikiwa imebaki na zaidi ya nusu, si kwa sababu ya vitu tisa, bali kwa sababu katika kuisoma upya nilimtajia neno gelatini naye ni Mwadventista wa tangu utotoni. Nimewauliza wafamasia wawili, mmoja Homa Bay mjini na mwingine Migori. Wote walikigeuzageuza kibandiko, wakanirudishia. Kila nikifika nyumbani, kabla hata ya salamu kukamilika, Nyar Kanyada huniuliza: "Mwalimu, umeshamjua yule mnyama?"